Kila upande usimame: barua ya wazi kuhusu njia panda za mitaani kwetu

Kwa Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mkurugenzi wa Manispaa, Mhandisi anayesimamia barabara za mitaa, na Mkuu wa Usalama Barabarani wa wilaya.

Waheshimiwa, habari za kazi, na poleni na majukumu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dar es Salaam. Fremu yangu iko kwenye kona ya njia panda, ndani ya mitaa ya makazi, na cherehani nimeiweka mlangoni ili nipate mwanga. Tangu asubuhi ninapofungua mpaka jioni taa zinapowashwa, macho yangu yana kazi mbili: sindano na njia panda. Huu ni mwaka wa kumi na nne. Ninayoyaandika hapa nimeyaona mwenyewe, na yale ambayo sikuyaona nimeyasoma na kuyauliza kabla ya kushika kalamu, nikisaidiwa na mwanangu anayesoma uhandisi ujenzi.

Kilichonifanya niandike ni kaptula.

Muhula uliopita mama mmoja jirani yangu alikuja na kaptula ya shule ya mwanawe wa darasa la pili. Kaptula ya bluu, niliishona mwenyewe mwezi wa kwanza, nikaiachia pindo refu kwa sababu mtoto anakua. Aliniomba niufumue mshono wa pembeni upande wa kulia, kuanzia pindoni hadi kiunoni, niweke vifungo, ili mguu uliofungwa hogo uweze kupita. Nikachukua kiwembe, nikaanza kufumua. Kwenye pindo kulikuwa na doa la oili ambalo mama alilifua likagoma kutoka. Nikaweka vifungo saba. Nimeshapanua magauni ya waja wazito, nimeshapunguza suruali za watu waliokondeshwa na maradhi, na zote nilizimaliza siku hiyohiyo. Hiyo kaptula ilinichukua siku tatu. Kila nilipoinua macho niliiona ile njia panda.

Mtoto yule hakuwa barabarani alipoumia. Alikuwa amesimama pembeni, mbele ya genge la mboga, begi mgongoni, akisubiri kuvuka kama alivyofundishwa. Bajaji ilikuwa inatoka upande wa msikitini. Noah ilikuwa inatoka upande wa barabara kubwa. Zikakutana katikati, bajaji ikalala ubavu na kuserereka mpaka pale aliposimama. Watu walipokusanyika, dereva wa Noah alikuwa anatetemeka, akirudia neno moja: "Mimi nilipiga honi." Na yule wa bajaji, damu inamtoka kwenye kiwiko, akajibu: "Na mimi nilipiga honi."

Waheshimiwa, wote wawili walikuwa wanasema kweli. Nilizisikia honi zote mbili. Kila mmoja alimtangazia mwenzake kwamba anapita, na kila mmoja alitegemea mwenzake ndiye atakayesimama. Hapakuwa na kibao, hapakuwa na mstari, hapakuwa na chochote cha kuwaambia nani ana haki ya kwenda na nani ana wajibu wa kungoja. Askari alipofika alipima, akaandika, akawauliza watu. Hata yeye alipata tabu kusema nani kamkosea nani.

Sasa niseme njia panda yetu ilivyofika hapo, maana haikuwa hivi zamani.

Kabla ya lami mtaa huu ulikuwa wa mashimo na vumbi, na masika ulikuwa madimbwi matupu. Gari lililopita hapa lilipita kwa mwendo wa mtu anayetembea, likichagua pa kukanyaga. Tulilalamika miaka mingi, tukajibiwa, lami ikaja. Siku mitambo ilipomaliza kazi watoto walivua viatu wakakimbia juu yake, wanawake tukapiga vigelegele. Sitaki mtu aisome barua hii akadhani nataka mashimo yarudi. Wagonjwa wetu sasa wanafika hospitali bila kurushwarushwa, na vitambaa vyangu havina vumbi. Lakini yale mashimo yalikuwa yanafanya kazi ambayo hakuna aliyeiandika kwenye mkataba: yalimlazimisha kila dereva apunguze mwendo kabla ya kufika njia panda. Lami ilipokuja mashimo yakaondoka na kazi yao, na nafasi hiyo haijajazwa mpaka leo.

Kisha zikaja kuta na fremu. Barabara ikiwa nzuri kiwanja kinapanda thamani, na kila mwenye kiwanja cha kona akajenga mpaka mwisho wa mpaka wake. Kona ya kwanza ina ukuta wa matofali unaompita mtu mrefu. Ya pili ina fremu nne za maduka. Ya tatu ina genge, na nyuma yake kontena la wakala wa pesa za simu. Ya nne ni mimi. Ndiyo, fremu ninayopanga inazuia dereva kuona, na ninalisema hilo mbele yenu kwa sababu siwezi kuomba jambo hili huku nikificha sehemu yangu.

Jumapili moja barabara ikiwa tulivu nilitoka na futikamba yangu ya kushonea, ile ya sentimita 150. Nilitaka kujua kutoka pembe ya ukuta mpaka ukingo wa lami kuna nafasi gani. Futikamba haikuisha. Ukuta uko karibu na lami kuliko urefu wa gauni la mtu mzima. Dereva naye hakai kwenye bampa, anakaa nyuma yake kama mita mbili. Maana yake ni kwamba mpaka macho yake yauvuke ukuta ili aone barabara ya pili, pua ya gari lake imeshaingia kwenye hiyo barabara.

Hesabu inayofuata alinifanyia mwanangu, na ninyi wahandisi mnaijua kuliko sisi. Mwendo wa mwisho kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akiona kitu, sekunde nzima inaweza kupita kabla mguu haujatoka kwenye mafuta ukafika kwenye breki. Hizo ni mita 14. Breki zikishika kwenye lami kavu gari linahitaji kama mita 14 nyingine mpaka lisimame. Jumla mita 28. Kwa kilomita 30 kwa saa jumla hiyo inashuka mpaka kama 13. Kutoka pembe ya ukuta mpaka katikati ya njia panda yetu hazifiki mita tano. Kwa hiyo anayeingia hapa kwa mwendo unaoruhusiwa na sheria, bila kosa lolote, akiona kitu amekwisha kuchelewa. Breki nzuri hazimsaidii, wala uzoefu, wala honi.

Ninachoomba ni njia panda ya namna hii iwekewe alama ya kusimama kila upande. Pande zote nne. Kila gari, kila bajaji, kila bodaboda, isimame kabisa kwenye mstari, matairi yaache kuzunguka, dereva atazame, ndipo aondoke. Wa kwanza kusimama ndiye wa kwanza kuondoka. Wawili wakifika pamoja, kila mmoja ampishe anayetoka kulia kwake, kama tunavyofanya kwenye kipilefti.

Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya nchi za watu. Mimi nasema utaratibu huo tunao tangu utotoni, ila hatujaupeleka barabarani. Nendeni kwenye bomba la maji mtaa wowote wenye mgao. Ndoo zinapangwa. Mwenye ndoo anaweza kwenda kupika, kumnyonyesha mtoto, akarudi akaikuta ndoo yake ipo pale alipoiacha, imesogezwa mbele na jirani kadiri zamu ilivyosonga. Hakuna askari bombani. Hakuna faini. Kila mtu anajua aliyetangulia ni nani, na anayejaribu kuchomekea anaambiwa na watu wote kwa mara moja. Njia panda yenye alama ya kusimama pande zote ni bomba hilohilo. Dereva anayesimama anaweka ndoo yake kwenye mstari, na waliosimama pande nyingine wanaiona.

Tofauti yake na alama ya kusimama upande mmoja ni kubwa, na nawaomba mnivumilie hapa maana ndipo penyewe. Mkiweka kibao barabara moja tu, wa barabara ya pili anapita bila kusimama, na yule aliyesimama lazima amwone ndipo ajue kama aende. Kwetu hamwoni. Ukuta unamzuia. Atachungulia, atasogeza pua, atachungulia tena, na siku moja atasogeza pua wakati mwenzake anapita. Lakini wote wakilazimika kusimama, hakuna anayehitaji kuona mita 28. Anahitaji kuona mstari wa mwenzake tu.

Tena kuna anayetembea kwa miguu. Barabara moja ikisimama na nyingine ikipita, mtoto anayeivuka ile inayopita bado anavuka kwa bahati yake. Nina mteja, bibi mmoja mwenye fimbo, anayekuja kwangu kila baada ya wiki chache kurekebisha kanga na madera. Anatoka nyumba ya tatu upande wa pili. Huwa namwona anasimama pale ng'ambo akiangalia kulia, kushoto, kulia, kisha ananiita kwa jina niache cherehani nikamshike mkono. Wala si kwamba haoni au hasikii. Hatembei kwa kasi ya bodaboda inayochomoza ukutani, basi. Pande zote zikisimama, bibi huyu ana pahali pa kupita wakati wowote, kwenye upande wowote, na dereva aliye mbele yake ameshasimama tayari.

Nimesoma kwamba alama hizi zina historia. Kibao cha kwanza cha kusimama kilisimikwa Detroit, Marekani, mwaka 1915, kikiwa cheupe chenye maandishi meusi. Umbo la pembe nane lilikuja mwaka 1923, na rangi nyekundu tunayoijua leo ikawa rasmi kule mwaka 1954. Wenzetu hao wana mwongozo wa kitaifa unaoeleza ni njia panda ipi inastahili kusimamisha pande zote. Wanaangalia wingi wa magari: angalau magari 300 kwa saa kwenye barabara kubwa na vyombo na watu 200 kwa saa kwenye ile ndogo, kwa saa nane za siku. Wanaangalia ajali: tano au zaidi ndani ya miezi 12 za aina ambayo alama ingezuia. Na hata pale ambapo hesabu hizo hazijafika, mwongozo unawaruhusu wahandisi kufikiria mambo mengine, na hayo yalinigusa kwa sababu ni kama yameandikwa na mtu aliyekaa kwenye fremu yangu: pahali ambapo dereva aliyesimama hawezi kuona magari ya upande wa pili, pahali penye watu wengi wa miguu karibu na magari, na pahali ambapo mitaa miwili ya makazi yenye hadhi sawa inakatana.

Huko huko, Philadelphia, jiji liliondoa taa za barabarani kwenye njia panda 199 zenye magari machache na kuweka alama za kusimama pande zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha ajali zilipungua kwa takribani asilimia 24. Kibao cha bati kilifanya kazi kuliko taa ya umeme, kwenye mitaa yenye magari machache.

Wala si lazima twende mbali hivyo. Afrika Kusini, nchi inayoendesha kushoto kama sisi na iliyomo pamoja nasi ndani ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, njia panda za kusimama pande zote zimejaa kwenye makazi ya watu. Kibao chao kina tarakimu ndogo chini inayomwambia dereva ni pande ngapi zinasimama, tatu au nne. Aliyetangulia kufika anatangulia kuondoka. Watanzania waliofanya kazi kule wameendesha kwa utaratibu huo, wamerudi nyumbani, na ukiwauliza watakwambia haukuwashinda.

Neno moja la tahadhari, maana sitaki kuomba kitu kwa sifa kisichokuwa nazo. Mwongozo uleule wa Marekani unakataza alama ya kusimama itumike kama dawa ya kupunguza mwendo. Kazi yake ni kugawa zamu. Kibao kikiwekwa pahali ambapo dereva hakioni sababu yake, atakizoea, atakidharau, na dharau hiyo ataibeba mpaka kwenye kibao cha maana. Ndiyo sababu siombi kila njia panda ya Dar es Salaam iwekewe. Barabara inayopita daladala ikikutana na kichochoro, kichochoro ndicho kisimame. Naomba pale ambapo mitaa miwili iko sawa, kona hazioni, na watoto wanapita.

Mwendo una dawa yake nyingine, matuta, na hapo nina malalamiko. Kwetu matuta yaliwekwa kwenye barabara moja tu kati ya hizi mbili, na lile la mwisho liko mbali na njia panda. Nimeliangalia jambo hili kila siku. Dereva akishavuka tuta anakanyaga mafuta kama mtu aliyemaliza deni, na mwendo wake unafika juu palepale kwenye njia panda. Upande wa pili usio na tuta unaamini kwamba upande wenye matuta ndio utakaokuja polepole. Kila mmoja anamtegemea mwenzake. Kabla ya hapo vijana wa mtaa walijitengenezea tuta lao la kifusi na saruji, likaja kubomolewa kwa kuwa halikuwa na vipimo. Sawa, halikuwa na vipimo. Lakini lilikuwa pahali sahihi, mita chache kabla ya njia panda, na waliolijenga walijua kwa nini. Tunaomba mlirudishe kitaalamu. Na bora zaidi mngeinyanyua njia panda yote kidogo, iwe kama jukwaa, ili tairi lenyewe limkumbushe dereva kabla hajasoma kibao.

Nitajibu lile ninalolisikia kila ninapolisema jambo hili kwenye mkutano wa serikali ya mtaa. "Fundi, Mbongo hasimami kwa kibao." Linanikera, kwa sababu linasemwa kana kwamba tumezaliwa hivyo. Dereva wa Dar es Salaam anasimama kwenye zebra za shule pale ambapo zebra ina rangi, ina tuta na ina watoto wenye kibao mkononi. Anapita pahali pamoja bila kusimama, mtaa wa pili anasimama. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni barabara. Na jiji letu lina ushahidi wa hilo ambao dunia imeutambua. Shirika la Amend limepita kwenye shule za jiji hili kwa mpango wa SARSAI, wa kukagua na kuboresha usalama wa barabara zinazozunguka shule, likaweka matuta, njia za miguu, vivuko na alama, pengine likahamisha hata lango la shule litazame barabara yenye utulivu. Majeruhi walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mpango huo ukapewa tuzo ya kwanza kabisa ya miji ya WRI Ross Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa miji. Wala hawakujenga barabara ya juu. Ni rangi, zege na kupanga vizuri.

Nimezungumza pia na vijana wa kijiwe cha bodaboda wanaopaki kando yangu. Nilitegemea watanicheka. Mwenyekiti wao alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, sisi ndio tunaotangulia kuanguka hapo." Wamekubali kwamba kibao kikiwekwa, wao watakuwa wa kwanza kusimama, na anayetoka kijiweni kwao akipita bila kusimama hatapanga foleni siku hiyo. Hiyo ni adhabu kubwa kwao kuliko faini. Mnao watu tayari. Waiteni kabla ya kuweka kibao, si baada.

Kuna suala la wizi. Vibao vya chuma vinang'olewa usiku vinauzwa kwenye chuma chakavu, sote tunajua. Basi nguzo iwe ya zege, kibao kiwe cha kitu kisichouzika kwa kilo, na neno SIMAMA liandikwe pia kwa rangi kubwa juu ya lami ambapo hakuna anayeweza kulibeba. Mwenye ukuta wa kona ya kwanza ameniambia yuko tayari rangi ipakwe ukutani kwake. Na taa iwepo. Alama isiyoonekana usiku inawasaidia nusu ya watu.

Kuhusu kona zenyewe, nanyi mnaotoa vibali vya ujenzi: kiwanja cha kona kisijengwe mpaka nchani. Kona ikatwe, ukuta wa hapo ushuke chini ya usawa wa macho ya dereva. Waliokwisha jenga waelezwe na wapewe muda. Mkiamua fremu yangu irudi nyuma nitarudi nyuma, nitazungumza na mwenye nyumba. Naomba tu isiwe mimi na mama wa genge peke yetu huku ule ukuta mrefu ukibaki.

Sijaomba kitu kinachosubiri bajeti ya miaka mitano. Mhandisi na askari wa usalama barabarani waje wapime njia panda za kata hii, wahesabu magari na watu asubuhi na jioni, waulize ajali ambazo hazikufika kituoni, kwa sababu nyingi zinamalizwa palepale kwa kulipana taa na kioo. Zile zinazostahili zichaguliwe wazi, orodha ibandikwe ofisi ya mtendaji. Mistari ichorwe, vibao viwekwe, na kwa majuma ya mwanzo askari asimame pale asubuhi, si kwa kuandika faini, kwa kuelekeza. Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inapokuja kila mwaka tunauziwa stika. Mwaka huu mafunzo yafanyike juu ya lami, na watoto wa shule waoneshwe namna ya kuvuka wakati pande zote zimesimama.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba watu takribani milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hicho. Mtoto wa kaptula ana miaka minane. Hakufa, Mungu ni mwema. Hogo limeshatolewa, anachechemea kidogo, na mama yake amenirudishia kaptula nitoe vile vifungo niushone mshono kama ulivyokuwa. Iko hapa mezani kwangu, imekunjwa. Anaihitaji Jumatatu.

Karibuni mje. Siku yoyote ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watoto hawajaanza kupita. Benchi lipo nje ya fremu, kivuli kipo. Kaeni saa moja tu. Futikamba nitawapa mpime wenyewe.

Wenu,
Fundi cherehani wa kona, kwa niaba ya wakazi waliokubali barua hii isomwe
Dar es Salaam